Mti wa Saba Kulia

Kama kuna kitu Mama Muhuri hakuwahi kukivumilia, ni mtu anayechelewa halafu anakuja anatabasamu. Na asubuhi ile ya Jumamosi, chini ya mlima, pale ngazi za mawe zinapoanzia, mdogo wake alimjia hivyo hivyo, polepole, meno yote nje, amebeba mfuko wa nailoni wenye ndizi nne. Walikubaliana saa kumi na mbili kamili. Ilikuwa kumi na mbili na dakika ishirini. Mama Muhuri alikuwa amesimama pale tangu kumi na moja na nusu, umande umemlowesha sketi hadi magotini, na hizo dakika ishirini alikuwa amezihesabu moja moja. Mdogo wake akamwamkia. Akaitikia marahaba ya puani, akageuka, akaanza kupanda.

Jina hilo la Mama Muhuri alipewa kazini. Miaka thelathini na moja alikuwa karani wa masjala, kile chumba cha mafaili chenye dirisha moja na harufu ya gundi, na katika miaka hiyo yote hakuna karatasi iliyopita mkononi mwake bila kugongwa muhuri, tena muhuri ulionyooka. Watu walikuwa wakimjia wanalia. Jina limekosewa herufi moja, tarehe imeruka siku mbili, na sasa haki ya mtu inapotea hivi hivi. Aliwasikiliza amekunja mikono, halafu akawaambia maneno yale yale aliyowaambia wa jana: faili likishafungwa limefungwa. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamfikiria hivyo. Aliamini tu kwamba kisichoandikwa hakipo. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na faili lake mwenyewe halikuwa na doa hata la chai.

Mdogo wake naye wanamwita Kobe, na ukimwona anavyovuka barabara huulizi kwa nini. Ni fundi viatu. Ana kibanda chini ya ngazi za jengo moja la maduka, na mkono wake, sema kweli, hauna mfano: akishona soli, ngozi ya juu itachakaa kwanza. Tatizo ni lini. Wateja wake wanasema kiatu cha mvua mpelekee wakati wa jua, na cha harusi mpelekee siku ya posa. Maneno yake ndiyo hayo hayo. Muulize saa ngapi, ataanza kukueleza saa hiyo aliinunua wapi na aliyemuuzia alikuwa na kifua kikuu.

Kilichowapandisha mlimani ni barua. Huko juu kuna bustani ya mimea, ya zamani sana, ya enzi za watu waliokuwa wakikusanya mbegu kutoka kila pembe ya dunia wapate kuona ipi itaota na ipi itakataa. Baba yao aliitumikia miaka arobaini. Aliingia kibarua wa kumwagilia, akatoka mnyapara. Kutoka lango la chini hadi kitalu cha miche kule juu kuna njia moja pana, na kila upande wa njia umesimama mstari wa mikafuri ishirini. Sasa mikafuri hiyo imezeeka, mingine imebaki ganda tu, ndani mna pango la kuingia mtu, na masika haya tawi moja lilianguka likabomoa paa la choo cha wageni. Wakubwa wakaamua: inakatwa, na visiki vinang'olewa na mashine. Ila kila familia ya mfanyakazi wa zamani iliruhusiwa kuuombea mti mmoja, nao ungetibiwa, ukawekewa nguzo, ukaachwa. Waje watoto wawili wa mfanyakazi, wauonyeshe kwa mkono, watie sahihi wote wawili, kabla ya saa sita mchana wa Jumamosi ile. Jumatatu misumeno inaanza kazi.

Kwa mama yao huo haukuwa mti tu. Kabla ya Mama Muhuri alikuwapo mwingine, mtoto wa kwanza, wa kiume, aliyeishi siku tisa. Alizaliwa huko huko juu katika nyumba za wafanyakazi, akafia huko huko, wakati wa mvua kubwa ambapo hakuna aliyeweza kushuka. Sheria ya bustani haikuruhusu kaburi ndani ya uzio. Baba akamzika alfajiri chini ya mkafuri mmoja, akarudishia majani makavu juu, akanyamaza maisha yake yote. Alichoacha ni mstari mmoja kwenye daftari lake la kazi, kwa penseli: *Mti wa saba, kulia. Siku tisa.* Sasa mama ana miaka themanini na minne, macho yameondoka, miguu inamsindikiza hadi mlangoni tu, na tangu barua ile isomwe mbele yake alikuwa hapati usingizi. Alikuwa anawaza mashine ya kung'oa visiki.

Usiku wa kuamkia safari mama alimwambia binti yake amsikilize mdogo wake, maana Kobe anaujua ule mti. Mama Muhuri akamjibu kwamba hakuna haja ya kumsumbua Kobe, limeandikwa. Akampapasisha lile daftari mkononi. Mama akaligusa gamba, akalirudisha, akaomba jambo moja tu: wakishuka huko wamletee jani.

Barabara ya magari ilikuwa imekatika wiki tatu, udongo umeporomoka ukaifunika. Simu huko juu hazishiki. Kilichobaki ni zile ngazi za vibarua, mawe yaliyopangwa na mikono ya watu zamani hizo, zinapanda zinapinda, zinapanda zinapinda, na ukidhani umefika unakuta mlima umejificha nyuma ya mlima mwingine. Kijana mwenye mapafu mazuri anatumia saa nne. Mama Muhuri alikuwa na miaka hamsini na tisa na goti la kushoto lenye msimamo wake.

Alikuwa anahesabu. Ngazi ya mia mbili, ya mia tatu. Nyuma yake alisikia Kobe anavuta pumzi, anasimama, anashangaa ndege. Ndege gani jamani, saa inakimbia. Walipofika daraja la kwanza, lile la magogo mawili, Kobe akaona ndiyo nafasi ya mazungumzo.

"Baba akiamka," akaanza, "kwanza anavaa buti. La kushoto. Halafu anakaa kidogo—"

"Kobe, pumzi hiyo ipandie mlima," dada yake akamkata.

Kobe akacheka, akaipandia mlima. Kwa hasira aliyokuwa nayo Mama Muhuri hakugundua hata kwamba ameruka ngazi mbili bila kuzihesabu.

Ukweli ni kwamba hasira ile haikuanza asubuhi hiyo. Alipofikisha miaka sita walimshusha mjini kwa mama mdogo ili asome, na Kobe, aliyezaliwa baadaye, wakamwacha juu na wazazi hadi akafikisha kumi na miwili. Yeye akapata shule, viatu vyeupe na ukali wa mama mdogo. Kobe akapata baba. Kobe aliacha shule darasa la nne, na tangu hapo kila karatasi ya maisha yake, ya kibanda, ya kitambulisho, ya hospitali, alijaziwa na dada yake. Hata sahihi ya Kobe aliibuni dada yake, yenye mkia mrefu wa kuvutia macho, na mwenye jina lake hajawahi kuiweza. Alikuwa anashika kalamu kwa muda mrefu mno. Ukimsubiri unazeeka.

Ngazi ya mia tisa, soli ya kiatu cha Kobe ikabanduka.

Ikabanduka yote, kuanzia kisigino, ikabaki inaning'inia mbele ikipiga piga mawe. Mama Muhuri aliitazama bila kuamini. Fundi viatu, miaka thelathini na tano ya kuwashonea watu, amekuja mlimani na kiatu kibovu. Mganga hajigangi, ndiyo, tumeisikia, lakini kuna siku za kujiganga. Kobe hakuona ajabu yoyote. Akakaa kwenye jiwe, akatoa mfukoni sindano ya ngozi na uzi wenye nta, akaanza kushona kwa ule utulivu wake, tundu kwa tundu, akilivuta kila fundo kwa meno. Dada yake akamsimamia kichwani na saa. Dakika kumi na nane. Alipomaliza, kazi ilikuwa nzuri kama kawaida yake, na baada ya ngazi sitini, kwa sababu ngozi ilikuwa imelowa, ikachanika pembeni ya mshono.

Hapo Mama Muhuri alisema maneno ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mtu mzima mwenzake. Alimwambia kwamba maisha yake yote amekuwa mzigo wa kuvutwa, kwamba mama analia nyumbani na yeye amekuja kupunga upepo, kwamba kama si sahihi mbili asingemleta hata kwa dawa. Kobe alimsikiliza, kiatu mkononi, mguu mmoja mtupu juu ya jiwe la baridi. Halafu akasema atangulie, yeye atamfuata, lakini kuna jambo la ule mti angependa kumwambia kabla hajaondoka. Dada yake akaligonga lile daftari ndani ya mkoba.

"Limeandikwa," akasema, na akaondoka.

Haya. Mlima ukamshughulikia peke yake. Ukungu ukashuka, ukawa unaona ngazi tatu za mbele na basi. Halafu mvua ndogo, ile isiyo na adabu, isiyokunyeshea vya kutosha ukajikinga, inakulowesha tu polepole. Akafika mahali ambapo maporomoko yamebeba ngazi thelathini hivi na kuacha tope tupu, na mtu mmoja mwema amefunga kamba kutoka mti hadi mti. Mama Muhuri, mwenye sketi ya kazini na heshima zake, akaishika kamba akapanda kwa magoti. Akateleza. Akarudi chini hatua tano kwa tumbo, akalala pale na uso kwenye tope, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya baba yake akalia kwa sauti, si kwa uchungu, kwa hasira tu, hasira ya mtu aliyefanya kila kitu inavyotakiwa na bado mambo yanamgomea. Kisha akafuta uso kwa kiwiko, akakagua daftari kama halijalowa, akapanda tena.

Alifika lango la chini la bustani saa tano na nusu na dakika saba. Mlinzi akataka ajiandikishe kitabu cha wageni. Sawa, hilo alilielewa, hata alilipenda. Lakini kalamu ya kitabu haikuwa na wino. Mlinzi akaitikisa, akaipulizia, akaisugua kiganjani, akaenda kutafuta nyingine kibandani, akarudi akauliza alikuwa anatafuta nini vile. Mama Muhuri akatoa kalamu yake mwenyewe, akaandika, akaisahau hapo kwa haraka. Ndivyo alivyopoteza kalamu nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo.

Mkuu wa bustani alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mwenye buti za mpira, ubao wa kubania karatasi na kopo la rangi nyeupe. Miti yote ilikuwa imeshachorwa msalaba mwekundu, ya kukatwa. Ulioombewa ulizungushiwa duara jeupe. Alikuwa mpole lakini mwepesi, mtu aliyekwisha kusikiliza familia kumi na moja tangu asubuhi. Mama Muhuri akafungua daftari, akauonyesha ule mstari, akasimama mgongo langoni na uso mlimani, akahesabu kwa kidole mkono wa kulia. Wa kwanza, wa pili, hadi wa saba. Mkafuri mnene, wenye nundu, umeegemea njia. Akaweka kiganja kwenye gome, akaona anatakiwa kuhisi kitu, akahisi uchovu tu, akadhani ndicho.

Mkuu wa bustani akachovya burashi, akauzungushia duara. Akamkabidhi fomu na kalamu, akauliza ndugu wa pili yuko wapi. Yuko hapo nyuma, anafika, Mama Muhuri akajibu. Basi watie sahihi wote, akaambiwa, na fomu iletwe ofisini kabla ya saa sita, na dada yule akaenda zake na kopo lake la rangi.

Saa tano na dakika hamsini. Mama Muhuri alitazama chini kwenye ukungu. Hakuna Kobe. Aliita mara mbili, mlima ukamrudishia sauti yake mwenyewe. Akaiegemeza fomu kwenye ule mti, akatia sahihi yake, na chini yake, bila hata kufikiri, kama alivyofanya mara mia katika maisha yale, akatia sahihi ya Kobe, na mkia wake mrefu. Akaipeleka. Mkuu wa bustani akaigonga muhuri saa tano na dakika hamsini na nne, akaiingiza kwenye faili la kijani, akafunga kamba. Mama Muhuri akauangalia ule muhuri. Ulikuwa umenyooka. Akashusha pumzi ambayo alikuwa ameizuia wiki nzima.

Kobe alitokea saa sita na robo. Kiatu alikuwa amekifunga kwa ule mfuko wa nailoni, amelowa, tope hadi kifuani, na ndizi zimebaki mbili. Dada yake alikuwa ameketi chini ya mti wenye duara jeupe, ametayarisha hotuba. Kobe akampita. Akampungia mkono, akampita, hata mti hakuutazama, akaendelea kupanda ile njia pana kwa mwendo wake, kichwa kinatikisika kidogo kama anayesema na mtu. Aliitwa, hakusikia. Alikwenda hadi juu zaidi ya nusu ya njia, akavuka akaingia upande wa kushoto, akavua kofia, akakaa kati ya mizizi miwili kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake.

Mama Muhuri akamfuata anachechemea. Mti ule ulikuwa na msalaba mwekundu. Akamwambia ainuke, kazi imekwisha, mti wao uko kule chini, na kama angekuwa na haraka ya binadamu wa kawaida angeuona unavyozungushiwa rangi. Kobe alimwacha amalize. Alikuwa na subira ya kumwacha mtu amalize.

"Dada," akasema, "baba alikuwa analala wapi?"

"Huko juu, karibu na kitalu. Kwani hujui?"

"Na kazi alianzia wapi?"

Mama Muhuri akatoa lile daftari mkobani.

"Kitaluni," Kobe akasema. "Anajaza debe la maji, tunashuka. Mimi nyuma yake. Alikuwa anahesabu miti ya mkono wake wa kulia kwa sauti, ndivyo nilivyojua namba. Akifika saba anatua debe, anavua kofia, anamwaga maji kidogo hapa. Kila siku. Nikamuuliza mti mkubwa hivi unamwagiliwa wa nini. Akaniambia kaka yako ana kiu."

Mama Muhuri aligeuka akatazama juu, kitalu kilikokuwa, akahesabu kwa macho kuelekea chini. Wa kwanza, wa pili. Saba yake ikaangukia pale pale alipokaa Kobe. Daftari halikusema uongo. Mtu aliyeliandika alikuwa anashuka, na yeye alilisoma anapanda.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza," Kobe akasema.

Kobe akamenya ndizi, akampa dada yake nusu. Aliishika tu. Alikuwa anamwona mama yake kitandani, macho wazi gizani, anasubiri jani, na aliona pia kwamba anaweza kumpelekea jani lolote, mama asingejua. Wazo hilo lilikaa naye kwa muda ambao hapendi kuukumbuka. Kisha akainuka, Kobe nyuma yake.

Ofisini mkuu wa bustani alikuwa anakunja makaratasi, anataka kushuka kabla mvua haijazidi. Alimsikiliza kwa heshima yote. Alielewa, alisema, na alisikitika. Lakini muda umepita, fomu imepokelewa, mti umeonyeshwa na familia yenyewe kwa mkono wake.

"Mama yangu, nisamehe," akasema. "Faili likishafungwa limefungwa."

Mama Muhuri aliyasikia maneno yale, na kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kujua yanasikikaje upande ule wa meza. Yalikuwa maneno ya adabu kabisa. Yanakuacha huna pa kushika. Akamkumbuka mzee mmoja wa herufi moja iliyokosewa, aliyekunja kofia yake mikononi, akasema asante, akatoka.

Ile barua aliijua kwa moyo, mpaka yale maandishi madogo ya mwisho ambayo watu hawasomi. Mti uliokosewa haukuwa na dawa, hilo limeandikwa. Lakini ombi lenye kasoro ya sahihi hurudishwa kwa mwombaji siku hiyo hiyo, hata baada ya saa sita, likajazwa upya. Hilo nalo limeandikwa. Kulikuwa na mlango mmoja tu wa kulifungua lile faili, na ufunguo wake ulikuwa jambo ambalo kazini kwake mtu hufukuzwa kwalo. Miezi mitano. Alitazama mikono yake, ilikuwa na tope kwenye kucha.

"Sahihi ya pili si ya ndugu yangu," akasema. "Niliitia mimi."

Mkuu wa bustani aliacha kukunja makaratasi. Akauliza kama anajua anachokisema. Akamjibu kwamba anakijua kuliko yeye. Basi akaelezwa kwamba fomu itabatilishwa, na kwamba, kwa kuwa ametaja kazi yake kwenye fomu, itabidi mwajiri wake aandikiwe.

"Andika," Mama Muhuri akasema. "Na uweke tarehe."

Dada yule akalichukua tena lile faili la kijani. Akafungua ile kamba, akachana fomu ya kwanza, akatoa nyingine. Akakumbusha kwamba saa saba anafunga mlango, na ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi na tano. Mama Muhuri akaijaza haraka: mti wa kumi na nne kutoka lango la chini, mkono wa kushoto. Akatia sahihi yake. Kisha akaisukuma kwa Kobe, pamoja na kalamu.

Kobe aliifuta mikono kwenye suruali, akashika kalamu kama anavyoshika sindano. Ule mkia wa dada yake hakuuweza, kwa hiyo aliamua kuandika jina lake lote, herufi kubwa, kama walivyofundishwa darasa la nne. Akaandika herufi ya kwanza. Akaitazama. Akahamia ya pili. Dakika mbili zikapita, tatu. Mkuu wa bustani akaangalia saa ya ukutani. Kwenye herufi ya tano Kobe alisimama kabisa, akafikiri, midomo inacheza. Vidole vya Mama Muhuri vilikuwa vinamwasha, vinataka ile kalamu, vimezoea kuinyakua. Akavirudisha nyuma ya mgongo, akavishikilia kwa mkono wa pili, akasimama hivyo, akasubiri. Ilikuwa ngumu kuliko ile kamba ya kwenye tope. Saa saba kasoro dakika mbili Kobe akaweka nukta, mahali ambapo jina halihitaji nukta, akainua uso.

"Nimemaliza," akasema.

Walimzungushia kaka yao duara jeupe wenyewe, Kobe anashika kopo waliloazimwa ofisini, dada yake anapaka. Wakachuma jani moja, wakalitia kati ya kurasa za daftari, pale penye mstari wa penseli.

Barua ya mwajiri iliandikwa papo hapo, ikatiwa kwenye bahasha, na kwa kuwa barabara imekatika na posta haifiki, Mama Muhuri mwenyewe alikabidhiwa aishushe. Akaitia mkobani. Jumatatu ingeingia kwenye meza ya kupokelea barua pamoja na nyingine zote, na meza hiyo ni yake, na muhuri wa *imepokelewa* ni wake. Alijua angeugonga. Alijua ungenyooka.

Kwenye ngazi za kwanza za kushuka goti likakataa, akamshika Kobe bega. Walikuwa wanakwenda kwa mwendo wa Kobe sasa, hapakuwa na mwingine. Ngazi hazikuhesabiwa.

"Haya," akasema. "Baba akiamka."

Kobe akamtazama kuona kama anatania.

"Kwanza anavaa buti," akasema. "La kushoto. Halafu anakaa kidogo."